Ombeni Faili, Msiridhike na Filamu

Hii ni hotuba niliyoitoa Mbale, Uganda, mbele ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, radiografia na kompyuta, pamoja na walimu wao na wazazi waliofuatana nao. Waliokosa kufika wameomba waisome yote, basi naiweka hapa nzima. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu, wanafunzi, na nyinyi akina mama mliokuja na watoto mgongoni, hamjambo? Mulembe!

Nimeona humu ndani kuna Wagisu, Wateso, Wasamia, Wanubi, na wageni waliopanda basi kutoka Kampala. Tutasema Kiswahili, lugha tunayoelewana nayo sokoni na kwenye basi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi ya nchi hii. Basi tukiingize na hospitalini, mpaka kwenye chumba cha mashine.

Nina ombi moja leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Mgonjwa wenu akipigwa skani, ombeni faili. Msiridhike na filamu. Ombeni faili.

Niwape kisa. Kijana mmoja wa bodaboda aligongwa na lori kwenye barabara ya Tororo. Shavu la kushoto likaingia ndani, taya likavunjika. Akapelekwa hospitali moja, jina lake tuliache, akapigwa skani ya CT ya kichwa. Familia ilikuwa imeuza ng'ombe ili kulipia. Wakakabidhiwa bahasha ya kaki yenye filamu, zile karatasi nyeusi za plastiki mnazozijua. Wakasafiri na mgonjwa wao mpaka kwa daktari wa upasuaji wa mataya. Daktari akaziinua dirishani, akazitazama kwa muda, akasema: "Mama, hapa naona mfupa umevunjika. Sioni vipande vimeelekea wapi. Naomba CD." Mama akajibu, "Musawo, tulichopewa ni hiki."

Wakapiga simu kule walikotoka. Jibu lilikuwa fupi: diski ya mashine ilijaa, skani za zamani zimefutwa.

Jamani! Kijana akarudi kulala kwenye mashine mara ya pili. Mionzi mara ya pili. Pesa mara ya pili. Na huku mifupa haimsubiri mtu, ilikuwa imeanza kujiunga mahali isipotakiwa.

Sasa niwaulize: kilichofutwa ni nini?

Zilifutwa namba. Mamilioni ya namba. Mashine ya CT inazungusha mionzi ya eksirei kuuzunguka mwili, inapima mionzi iliyofika upande wa pili, kisha kompyuta inapiga hesabu kujua kila kichembe cha mwili kimezuia mionzi kiasi gani. Kila kichembe, ambacho wataalamu hukiita vokseli, kinapewa namba yake. Maji ni 0. Hewa ni -1000. Mafuta ya mwili ni kama -100. Mfupa unaanzia mamia na kuvuka 1000. Ukichukua skani ya mtu wa Soroti na ya mtu wa Stockholm, maji ni 0 kwa wote wawili. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Hounsfield, na habari yake ni lazima niwasimulie, hasa nyinyi wanafunzi wa kompyuta mliokaa nyuma mkidhani mmeingia mkutano usio wenu.

Mwaka 1956, Cape Town, mwalimu wa fizikia aitwaye Allan Cormack aliombwa kusaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, kusimamia tiba ya mionzi. Alikuwa mzaliwa wa Johannesburg. Akaona jambo lililomsumbua: kipimo cha mionzi cha wagonjwa kilikuwa kinapangwa kana kwamba mwili ni kitu kimoja kuanzia ngozi hadi ngozi, kana kwamba pafu na mfupa ni sawa. Akajiuliza: je, naweza kupima kutoka nje nikajua kila sehemu ya ndani inazuia mionzi kiasi gani? Akaitafuta hesabu yake, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Wachache sana waliijali.

Uingereza, mhandisi wa kampuni ya EMI aitwaye Godfrey Hounsfield, bila kuijua kazi ya Cormack, akajenga mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza akalazwa ndani yake, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Picha iliyotoka ilikuwa na miraba 80 kwa 80 tu. Uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Na kati yao hakuna aliyekuwa daktari wa binadamu! Hakuna hata aliyekuwa na shahada ya uzamivu. Mmoja fizikia, mmoja uhandisi. Wanafunzi wa kompyuta, mko nami? Sogeeni mbele, viti vipo.

Leo kipande kimoja cha skani kina miraba 512 kwa 512. Hizo ni namba 262,144 katika kipande kimoja. Skani yenye vipande 400 ina namba zaidi ya milioni 100. Filamu ya yule kijana ilikuwa na vipicha vidogo visivyozidi dazeni chache, tena vimechapwa kwa namna moja tu ya kuonyesha mwanga na giza. Ikichapwa kwa ajili ya mfupa, ubongo unakuwa kijivu kitupu. Ikichapwa kwa ajili ya ubongo, mfupa wote unakuwa mweupe, huoni ufa. Ukishachapa, umeshachagua, na aliyeko mbali hawezi kuchagua upya. Ukiwa na faili, unachagua upya kila unapotaka.

Faili hilo lina muundo wake uitwao DICOM, uliokubaliwa na watengenezaji wa mashine mwaka 1993 ili mashine ya kampuni yoyote isomeke kwenye kompyuta yoyote. Ndani yake kila kipande kinajitambulisha: mimi nina unene huu, nilikuwa mahali hapa mwilini, kutoka mraba mmoja hadi mwingine ni milimita kadhaa. Kwa maelezo hayo programu inavipanga vipande kila kimoja mahali pake, na mwili unasimama mbele yako ukiwa na pande tatu.

Unasimamaje? Tazameni nje ya dirisha hilo, mlima Masaba ule. Kwenye ramani ya jiografia mlifundishwa mistari ya kontua: kila mahali penye mita 2,000 panaunganishwa kwa mstari mmoja, kila mahali penye mita 3,000 mstari mwingine. Ukiniambia nikuonyeshe mlima kuanzia mita 3,000, nitakupa umbo moja. Ukisema mita 2,000, umbo linatanuka, linameza mabonde na migomba. Mlima ni ule ule. Namba uliyochagua ndiyo imebadilisha umbo. Programu inafanya hivyo hivyo, ila badala ya mstari inachora ngozi nzima inayopita kila mahali penye namba uliyoitaja. Njia hiyo waliichapisha William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric mwaka 1987, na hadi leo ndiyo msingi wa fuvu nyingi za pande tatu mnazoziona. Sema 300, unaona mfupa. Shusha namba chini ya maji, kati ya hewa na mafuta, unaona ngozi ya uso.

Na programu zenyewe? Ipo inayoitwa 3D Slicer. Ilianza mwaka 1998 Boston, kati ya hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT, na mpaka leo inapatikana bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Laptopu ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 8 inafungua skani ya kichwa bila shida. Watengenezaji wake wanasema wazi kwamba ni programu ya utafiti, haijaidhinishwa kwa matibabu. Anayeitumia kupanga upasuaji anabeba jukumu mwenyewe. Liandikeni hilo kwenye daftari, na mlipigie mstari.

Mliandike kwa sababu gani? Kwa sababu ya kisa cha pili.

Mwanafunzi mmoja, hodari sana, alitengeneza fuvu la pande tatu la mtoto aliyeanguka kwenye mwembe. Likazungushwa kwenye skrini, likapendeza, kila mtu akapiga makofi. Kisha mtu akaona matundu ndani ya shimo la jicho, upande wa pua. Matundu pande zote mbili! Chumba kikajaa minong'ono: mifupa imepasuka, mtoto apelekwe Kampala leo leo. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri.

Radiografa mzee aliyekuwepo hakusema neno. Alishika kipanya, akarudi kwenye vipande vya kawaida, vile bapa vya kijivu, akavipitia kimoja baada ya kingine. Mfupa ulikuwepo, mzima. Ukuta ule wa jicho kwa asili una unene chini ya nusu milimita. Kipande cha skani kilikuwa kinene kuliko hapo, kwa hiyo vokseli moja ilibeba mfupa kidogo na hewa nyingi kwa pamoja, na wastani wake ukaanguka chini ya namba aliyoichagua kijana wetu. Programu ikautoa mfupa. Ilitii amri iliyopewa.

Ndugu zangu, umbo linalong'aa kwenye skrini limepita mikononi mwa mtu aliyechagua namba. Kila mara muulizeni: ulichagua ngapi? Vipande vilikuwa na unene gani? Nionyeshe vipande vyenyewe. Vikiwa na unene wa milimita 5, fuvu litatoka na ngazi ngazi, na ukililainisha ili lipendeze unaweza kuufuta ufa wa kweli. Uzuri wa picha haunihusu. Ninachotaka ni kujua kama ule ufa upo au haupo.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Mama, mtoto yule alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, salama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mji huu wa Mbale una haki ya kulisema kwa sauti. Wangapi hapa wamemwona mtoto mwenye kichwa maji? Nyosheni mikono. Karibu nyote. Katika sehemu zetu watoto wengi hukipata baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha: njia za maji ya ubongo zinaziba, maji yanajaa, kichwa kinakua. Dawa ya kawaida ni kuweka mrija wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Lakini mrija ukiziba mama akiwa kijijini, mbali na daktari wa ubongo, mtoto yuko hatarini. Hapa hapa Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Benjamin Warf na wenzake waliendeleza njia ya kupitisha kamera ndogo ndani ya ubongo, kufungua mlango mpya wa maji, na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, bila mrija kubaki mwilini. Mbinu hiyo ilisafiri kutoka hapa kwenda duniani.

Lakini je, ubongo nao unakua? Hilo ndilo swali la mama. Mama haulizi kama maji yamepungua. Anauliza kama mtoto ataongea, ataenda shule.

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika hapa, watoto 100 wa chini ya miezi sita, waliogawanywa kwa kura kati ya mrija na njia ya kamera. Walipimwa ukuaji wa akili, na kwa skani za CT wakapimwa ukubwa wa ubongo wenyewe. Baada ya miezi 12 haikuonekana tofauti kubwa kati ya makundi mawili, kwa akili wala kwa ukubwa wa ubongo. Kwa mtu wa mbali hiyo ni habari kavu. Kwetu ina maana kwamba mtoto anaweza kuepuka mrija bila ushahidi kwamba amepunjwa.

Ubongo ulipimwaje ndani ya kichwa kilichojaa maji? Kwa kuhesabu vokseli. Tuseme kila vokseli ni nusu milimita kwa nusu milimita, unene milimita 5. Hiyo ni milimita za ujazo 1.25. Vokseli 800 zinatimiza mililita moja. Hesabu vokseli za ubongo, zidisha, umepata ujazo wake. Rudia baada ya mwaka, utajua kama umekua. Ugumu uko kwenye kuamua vokseli ipi ni ubongo na ipi ni maji, maana namba zao zimekaribiana mno: maji ya ubongo kama 0 hadi 15, ubongo kama 20 hadi 40. Kwa mtoto aliyepata maambukizi kuna makovu na utando, mipaka imevurugika. Hapo mtu mwenye macho na subira anapita kipande kwa kipande akisahihisha. Je, filamu ya kwenye bahasha ingeweza kufanya hivyo? Haiwezi. Filamu huwezi kuihesabu. Ombeni faili!

Mtaniambia, siku hizi kuna akili mnemba inayofanya yote. Kweli, ipo. Mfano ni TotalSegmentator, iliyotengenezwa Basel, Uswisi: toleo lililochapishwa 2023 linatenganisha sehemu 104 za mwili kwenye skani ya CT, na lilifunzwa na kujaribiwa kwa skani 1,204 za hospitali ya huko. Naipenda na nawashauri muijaribu. Lakini imefunzwa kwa miili iliyolazwa Basel. Mtoto wa Bududa mwenye kichwa kilichojaa maji na makovu, ingemjulia wapi? Ikiwa skani zetu zinafutwa kila diski ikijaa, nani atakuja kuzifundisha mashine hizo habari za watoto wetu?

Hapo sasa naomba tusikilizane sana, maana kuna hatari. Katika mafunzo ya mahali fulani mwalimu alifungua skani ya kichwa ambayo jina lake lilikuwa limefutwa vizuri. Akashusha namba kutoka kwenye mfupa hadi kwenye ngozi, na uso ukajitokeza kwenye ukuta: pua, midomo, kovu la paji. Msichana mmoja akasimama, mkono mdomoni. Akasema, "Huyo ni mjomba wangu."

Jina lilifutwa. Uso ulibaki. Faili la DICOM linabeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa, na skani ya kichwa inabeba uso mwenyewe. Sheria yetu ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inamlinda mtu huyo, na kabla ya sheria, heshima inamlinda. Skani haitumwi kwenye kundi la WhatsApp. Skani ya kufundishia inafutwa jina, inakatwa uso, na mwenyewe anaombwa ruhusa kwa lugha anayoielewa. Anayeomba faili aombe kwa ajili ya mgonjwa, na flashi ibaki mkononi mwa mgonjwa.

Nataja haraka habari za Mbarara, kwa sababu zinanipa nguvu. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kutoka vipuri, palepale chuoni, kwa siku 11. Inatumia sumaku za kudumu, za nguvu ya karibu tesla 0.05, mashine nyingi za hospitali kubwa zina 1.5. Haihitaji heliamu ya kupozea. Picha zake zina ukungu, nami sitawadanganya, lakini haitumii mionzi kabisa, na kwa mtoto wa kichwa maji anayehitaji kupimwa tena na tena hilo ni jambo kubwa. Pia kumbukeni kwamba namba za MRI hazina kipimo kimoja kama za CT. Ile 300 ya mfupa haina maana kule. Mtajifunza kugawanya ubongo na maji kwa njia nyingine, na kazi ya programu inakuwa nzito zaidi. Wanafunzi wa kompyuta, kazi hiyo inawangoja.

Wakuu wa hospitali mliokuja, nasema nanyi kwa heshima. Diski ya nje ya kuhifadhi skani za miezi mingi ina bei ndogo mno mbele ya bei ya mashine. Wekeni mtu mmoja mwenye jukumu la kuhamisha mafaili kila wiki kabla hayajafutwa. Andikeni kwenye risiti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, kwamba mgonjwa ana haki ya kuondoka na faili lake. Yule kijana wa bodaboda, skani yake ya pili iliwekwa kwenye CD. Daktari aliona kipande cha shavu kimegeuka na kuelekea nyuma, akapanga bamba la kushikilia mfupa kabla ya kugusa kisu. Upasuaji ulikwenda vyema. Lakini ungeweza kufanyika mapema zaidi, na ng'ombe wa pili angekuwa bado zizini.

Nimesema vya kutosha, na chai inapoa. Baada ya chai tutakaa wawili wawili kwenye kila kompyuta, mmoja wa tiba na mmoja wa kompyuta, msikae na rafiki yako wa darasani. Kila meza ina skani moja ya taya, jina limefutwa, ruhusa ipo. Fungueni vipande kwanza, muvipitie vyote, ndipo mtengeneze umbo. Andikeni namba mliyochagua na sababu ya kuichagua, kwa sababu nitapita meza kwa meza nikiuliza. Akina mama mnaotaka kuona, karibuni, viti vya pembeni ni vyenu. Asanteni sana.